Mbegu za Jioni

SABATO ALASIRI

*Soma kwa ajili ya somo la juma hili:* Hesabu 8:23–26; 2 Samweli 19:31–39; Kutoka 31:1–5; Marko 14:3–9; Yoshua 14:6–13; Mhubiri 12:1–7; 2 Timotheo 4:13; Zaburi 71:17, 18.

*Fungu la kukariri:* Mhubiri 11:6. Lisomeni pamoja katika Biblia zenu, kisha kila mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Msimu wa kilimo unapofika katika bonde la Kilombero, familia nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani huhamia mashambani. Huko hukaa kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilima mpunga, kisha wakiamia ndege na kulinda mazao dhidi ya nguruwe mpaka siku ya mavuno. Mzee ambaye jembe limemshinda anaweza bado kukaa dunguni, akapiga kelele na kuwafukuza kwelea kwelea. Lakini inafika siku ambapo hata ngazi ya dungu inamshinda. Familia inaondoka, naye anabaki mjini na wajukuu na funguo za nyumba. Hakuna mwajiri aliyemwandikia barua ya kustaafu. Mwili wake ndio ulioiandika.

Mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa reli ya TAZARA au wa kiwanda cha sukari Kidatu hupata barua ya kweli, yenye tarehe na muhuri. Hata hivyo swali linalowakabili wote ni moja: Mungu anataka nini kwa mtu ambaye kazi yake ya zamani imekwisha, lakini pumzi yake ingalipo?

Watu hutoa majibu mawili. Wengine husema, "Pumzika, umeshafanya ya kutosha." Wengine hawasemi kwa mdomo, lakini kwa matendo yao humwambia mzee kwamba asiyezalisha ni mzigo. Juma hili tutaona kwamba Biblia haikubaliani na jibu lolote kati ya hayo mawili. Tutauliza pia kama kuanza jambo jipya uzeeni, kujifunza kusoma, kutunga wimbo, kusuka, kupanda miti, ni anasa, ni wajibu au ni kipawa.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Mzigo na Zamu

Soma Hesabu 8:23–26. Mlawi aliacha nini alipofikisha miaka hamsini, na aliendelea na nini?

Hili ni fungu la pekee, kwa maana hapa Mungu mwenyewe anaweka umri wa kustaafu. Kazi ya Walawi ilikuwa nzito. Hema ya kukutania ilikuwa na mbao, vitako vya fedha, mapazia na vyombo, na kila safari vyote vilifunguliwa, vikachukuliwa na kusimamishwa upya. Mgongo wa mtu wa miaka hamsini haukupaswa kulazimishwa kubeba hayo. Kwa hiyo Bwana alimwondolea mzigo.

Lakini angalia kwamba hakumwondoa hemani. Mlawi huyo aliendelea kuwasaidia ndugu zake na kuulinda ulinzi. Mzigo ulikwisha, zamu ikabaki. Mungu alitofautisha kazi inayohitaji nguvu za misuli na huduma inayohitaji macho yaliyoona mengi na moyo uliokwisha kutulia.

Sheria za utumishi wa umma katika nchi yetu zinamruhusu mtu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60. Sheria hizo zina busara yake, kwa kuwa vijana nao wanahitaji nafasi. Kasoro hutokea pale tunapoisoma barua ya kustaafu kana kwamba inasema jambo ambalo halimo ndani yake. Barua inasema mzigo fulani umekwisha. Haisemi zamu imekwisha.

Sasa soma 2 Samweli 19:31–39. Barzilai alikuwa na miaka themanini. Mfalme Daudi alimwalika Yerusalemu akae naye na kutunzwa, naye akakataa. Alikiri waziwazi kwamba ladha ya chakula na sauti za waimbaji hazikuwa tena na utamu kwake. Akamtoa Kimhamu aende badala yake. Barzilai hakuwa mvivu, kwa maana mtu huyu ndiye aliyelilisha jeshi la Daudi jangwani. Alijua tu kipimo chake. Alitambua kwamba si kila mlango unaofunguliwa mbele ya mzee ni lazima aingie yeye. Mwingine ni wa kumpisha kijana apite.

Kwa hiyo tusianze somo hili kwa kuwachapa wazee kiboko cha bidii. Yuko mama aliyeinama shambani tangu utoto, akabeba maji, kuni na watoto, na leo magoti yake yanauma usiku kucha. Kumwambia mtu huyo, "Usikae bure," bila kumuuliza amebeba nini, ni kukosa huruma.

*Ni mizigo gani ambayo wazee wa kanisa lako wangali wanaibeba, ingawa Mungu angependa waitue? Nani ataipokea?*

JUMATATU: Mikono Iliyofanana na ya Muumbaji

Soma Kutoka 31:1–5. Roho wa Mungu alimjaza Bezaleli kwa ajili ya kazi gani?

Bezaleli ni miongoni mwa watu wa kwanza ambao Maandiko yanasema wazi kwamba walijazwa Roho wa Mungu, naye alijazwa ili achonge mbao, afue dhahabu na kukata vito. Jambo hili linatufundisha kwamba kubuni na kutengeneza kitu kizuri ni sehemu ya kuumbwa kwa mfano wa Mungu. Katika Mwanzo 1, kabla hatujaambiwa lolote juu ya hukumu au hekalu, tunamkuta Mungu akiumba na kuona kwamba ni vyema. Mwanadamu alipewa bustani ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia, na kabla mtu yeyote hajalipwa mshahara.

Kama ndivyo, basi hamu ya kutengeneza haitokani na ajira, wala haiwezi kustaafishwa pamoja na ajira. Mama anayepasua ukindu, kuutia rangi, kusuka ukili na kuushona uwe mkeka anafanya jambo la kale kuliko soko la Ifakara. Vivyo hivyo mfinyanzi anayeujua udongo kwa vidole vyake, na mvuvi mzee anayesuka mgono huku akimwonyesha kijana namna ya kuupinda mdomo wa mtego ili samaki aingie asitoke.

Hapa lakini kuna mtego kwetu pia. Tunaweza kusema, "Mzee ana thamani kwa sababu bado anaweza kutengeneza." Je, yule aliyepooza kitandani? Je, yule ambaye kumbukumbu imemtoka hata haijui sura ya mwanawe? Soma Isaya 46:4. Humo Mungu hasemi lolote juu ya kazi ya mwenye mvi. Anasema juu ya kazi yake Yeye: aliumba, naye atabeba.

Sabato inatusaidia sana hapa. Kila juma tunaacha kuzalisha kwa saa ishirini na nne, na thamani yetu haipungui hata chembe. Amri ya nne ndiyo ushuhuda wetu kwamba mtu si mashine ya kuvuna mpunga. Wakati huohuo amri hiyohiyo inataja siku sita za kufanya kazi. Anayeugeuza uzee kuwa Sabato isiyo na mwisho amesahau nusu ya amri, na anayeugeuza kuwa Jumatatu isiyo na mwisho amesahau nusu nyingine. Kwa hiyo tunaumba uzeeni kwa sababu tumekwisha kupendwa. Kazi ya mikono yetu ni shukrani. Haiwezi kuwa kodi tunayolipa ili turuhusiwe kuendelea kuishi.

Wengine watauliza kama si upotevu wa muda, mzee kukaa anachora au anatunga nyimbo wakati kuna njaa na kuna roho za kuokolewa. Soma Marko 14:3–9. Swali la namna hiyo liliwahi kuulizwa nyumbani mwa Simoni kule Bethania, mbele ya marhamu ya thamani kubwa iliyomwagwa. Tunajua Yesu alisimama upande wa nani.

*Kama mzee wa nyumbani kwako asingeweza tena kufanya lolote, ungemweleza vipi kwamba thamani yake mbele za Mungu ni ileile?*

JUMANNE: Nipe Mlima Huu

Soma Yoshua 14:6–13. Kalebu aliomba nini akiwa na miaka themanini na mitano?

Kalebu angeweza kuomba bonde lenye maji na kivuli. Aliomba nchi ya milima walikokaa Waanaki, mahali pagumu kuliko pote. Alikuwa ameingoja ahadi kwa miaka arobaini na mitano, na kungoja huko hakukumchosha.

Methali yetu husema, samaki mkunje angali mbichi. Watu wa Kilombero wanaojua kukausha samaki wanaelewa maana yake vizuri. Ni methali nzuri kwa wazazi wenye watoto wadogo, lakini mara nyingi huelekezwa kwa wazee ili kuwanyamazisha: umeshakauka, huwezi kukunjwa tena. Afrika Mashariki ina mashahidi wanaoikataa tafsiri hiyo.

Shahidi wa kwanza ni Kimani Maruge wa Kenya. Serikali ya Kenya ilipofuta ada katika shule za msingi mwaka 2003, naye aliiona nafasi yake. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, ambako wajukuu zake nao walikuwa wanasoma. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama wanafunzi wengine. Alitaka kujua kuhesabu fedha, na alitaka kujisomea Biblia mwenyewe badala ya kutegemea masikio tu. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Maruge alihamishwa kwake na kuishi katika kambi, na baadaye akapelekwa Nairobi. Hata huko aliendelea kutafuta masomo, mpaka alipofariki mwezi Agosti 2009. Wapo wanaoweza kusema, "Miaka mitano ya shule, ilimfaa nini?" Swali hilo linahesabu elimu kama mbegu ya biashara. Maruge aliihesabu kama chakula, na hakuna anayemuuliza mzee mwenye njaa kama atakaa duniani vya kutosha ili chakula kimfae.

Shahidi wa pili ni Mwalimu Julius Nyerere. Aliacha urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, na uenyekiti wa chama mwaka 1990, akawa mkulima wa Butiama. Mwaka 1996, alipokuwa na miaka 74, zilichapishwa tenzi zake zinazosimulia Injili zote nne na Matendo ya Mitume. Utenzi kwa kawaida una beti za mistari minne, na kila mstari una mizani nane. Fikiri ni mara ngapi mtu hurudi nyuma, akihesabu mizani na kutafuta kina, kabla hajafika mwisho wa Matendo ya Mitume. Mtu aliyeongoza taifa zima alikubali kutumikia silabi. Wakati huohuo alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Utunzi haukumtoa katika mahangaiko ya watu.

Mmoja alikuwa na elimu kubwa, mwingine hakuwa nayo kabisa. Wote wawili walilishika Neno, kila mmoja kwa mkono aliokuwa nao. Wazee wengi wa leo katika bonde letu walikuwa vijana mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu walikusanyika kwa vikundi kando ya redio, wakasikiliza somo, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wanajua tayari jinsi ya kujifunza kwa kikundi. Darasa la Shule ya Sabato ni ndugu wa vikundi vile.

*Ni mlima gani ulioutamani ujanani ukakosa nafasi ya kuupanda? Nini hasa kinakuzuia kuuomba leo?*

JUMATANO: Mwili Unapokataa

Soma Mhubiri 12:1–7. Mwandishi anaueleza uzee kwa picha gani, na picha hizo zinahusu viungo gani vya mwili?

Biblia haitudanganyi juu ya uzee. Mikono hutetemeka, meno hupungua, macho hufifia, usingizi hukatizwa na sauti ya ndege. Yeyote anayehubiri kwamba imani huondoa hayo yote hajaisoma sura hii. Kwa hiyo swali si jinsi ya kurudi ujana. Swali ni hili: chombo kimoja kinapokataa, je, kipo kingine?

Huko Marekani, Anna Mary Robertson Moses, mke wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa akitarizi picha kwa sindano na nyuzi. Baridi yabisi ilipoyakaza maungo ya mikono yake, sindano ikawa mateso. Akaiweka chini, akashika brashi, kwa kuwa brashi haihitaji kubanwa kama sindano. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka themanini. Mwaka 1940, akiwa na miaka 80, maonyesho ya kwanza ya picha zake peke yake yalifanyika New York. Alichora mashamba, mavuno na theluji ya utotoni mwake, na alifariki mwaka 1961 akiwa na miaka 101. Maradhi yaliyofunga mlango mmoja ndiyo yaliyomsukuma kwenye mwingine.

Katika historia ya kanisa letu, Ellen G. White alikwenda Australia mwaka 1891 akiwa na miaka 64. Mwaka uliofuata aliugua kwa miezi mingi, akiwa na maumivu makali ya viungo, lakini aliendelea kuandika. Kazi aliyoifanya katika miaka ile ilizaa kitabu juu ya maisha ya Kristo kilichotoka mwaka 1898, ambacho tunakijua kwa Kiswahili kama *Tumaini la Vizazi Vyote*. Alikuwa anaelekea miaka 71.

Soma pia 2 Timotheo 4:13. Paulo yumo gerezani na anajua kwamba mwisho wake u karibu. Anaomba joho, kwa sababu ya baridi, na anaomba vitabu. Mtu aliyebakiwa na muda mfupi bado anataka kusoma.

Ujumbe wetu wa afya una sehemu yake hapa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba Waadventista wa California waliishi muda mrefu kuliko majirani zao, wanaume kwa takribani miaka saba na wanawake kwa zaidi ya miaka minne. Tumezoea kufurahia takwimu hizo. Tujiulize pia miaka hiyo ya ziada ni ya nini. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mwendo au kazi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na kuzuia kuanguka. Wataalamu wa magonjwa ya usahaulifu nao wanataja kutojishughulisha, upweke na kutosikia vizuri miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Bustani ndogo ya mchicha na matembele nyuma ya nyumba, mazoezi ya kwaya mara mbili kwa juma, au kumfundisha mjukuu kusuka ungo ni dawa isiyouzwa dukani.

Na kabla ya kusema, "Bibi ameacha kusoma Biblia, amepoa kiroho," tumwangalie macho. Huenda anahitaji miwani ya kusomea tu, au ana mtoto wa jicho ambaye daktari anaweza kumtoa kwa upasuaji mfupi. Mara nyingine uamsho wa mzee huanzia kliniki ya macho.

*Ni kazi gani umeiacha kwa sababu ya mwili? Ni chombo gani kingine kingekuwezesha kuifanya kwa namna mpya?*

ALHAMISI: Nani Amefunga Mlango?

Soma Zaburi 71:17, 18. Mwenye zaburi anaomba asiachwe mpaka afanye jambo gani?

Mara nyingi mlango wa mzee haukufungwa na Mungu wala na mwili. Umefungwa na watu, na sisi tumo.

Kwanza, tunawafunga kwa kazi isiyo yao. Watoto wanakwenda Dar es Salaam au Morogoro kutafuta maisha na kumwachia bibi wajukuu watano. Analea kwa upendo, lakini hakuna aliyemuuliza. Loisi alimpa Timotheo imani (2 Timotheo 1:5), na malezi ya namna hiyo ni huduma tukufu. Hata hivyo bibi anayelea peke yake, bila fedha na bila siku moja ya kupumzika, ametwikwa tena mbao za hema baada ya miaka hamsini.

Pili, tunawafunga kwa hofu. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu wanawake wazee wameshutumiwa uchawi, na baadhi yao wameuawa. Katika bonde letu na Ulanga, watu walioshukiwa, wakiwemo wazee, wamepelekwa kwa waganga kunyolewa nywele ili eti uchawi uwatoke. Muumini hana nafasi katika jambo hili, hata ile ya kunyamaza. Jaribu kuona jinsi dhambi hii inavyokua. Mzee anaachwa peke yake. Haonekani akifanya jambo ambalo jirani analielewa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Kisha mtoto wa jirani anaugua, na watu wanatafuta wa kumlaumu. Bibi ambaye kila Jumatano watoto huketi mkekani kwake wakijifunza kusuka na kusikiliza hadithi za Biblia ana ukuta wa watoto kumzunguka. Shughuli yake haipaswi kuwa sharti la usalama wake, kwa maana hata aliye peke yake ana haki ya kuishi kwa amani. Lakini kanisa linaloketi mkekani kwake huwa limekwisha kuivunja hofu kabla haijaota.

Tatu, mara nyingine mzee hujifungia mwenyewe kwa kung'ang'ania kiti cha zamani. Ameongoza kwaya miaka thelathini, na kila kijana anayetunga wimbo mpya anaonekana adui. Cheo cha "mzee wa kanisa" hakikutolewa ili kizeeke pamoja na mtu. Barzilai alimtoa Kimhamu. Anayeachia kiti hupata mikono mitupu, na mikono mitupu ndiyo inayoweza kushika kitu kipya. Huenda kiongozi huyo wa kwaya ana nyimbo kumi ambazo hakuwahi kupata nafasi ya kuzitunga kwa sababu alikuwa akisimamia mazoezi.

*Katika njia hizi tatu za kufunga mlango, ni ipi inayoonekana zaidi katika jamii yako? Darasa lako linaweza kufanya nini mwezi huu?*

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Rudi kwenye fungu la kukariri. Mhubiri anashauri kupanda asubuhi na pia jioni, na sababu anayoitoa inashangaza: mpandaji hajui ipi itastawi. Hasemi kwamba mbegu ya jioni ni ndogo. Huenda ndiyo itakayozaa, huenda zikazaa zote mbili.

Siku hizi kokoa inalimwa Mbingu na sehemu nyingine za bonde la Kilombero. Mkokoa huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuanza kuzaa vizuri, kisha huzaa kwa miongo kadhaa. Mtu wa miaka 75 akipanda mche leo, hesabu ya kibinadamu inasema wengine ndio watakaochuma sehemu kubwa ya mavuno yake. Je, ni mjinga? Kama maisha ni kile tu tunachokula sisi wenyewe, ndiyo. Lakini sisi tunaosubiri ufufuo tunaamini kwamba kaburi ni usingizi na kwamba Muumbaji atatuita tuamke. Mtu mwenye tumaini hilo anaweza kupanda bila haraka na bila uchungu. Hajihesabu kuwa anashindana na kifo, kwa sababu mwingine amekwisha kukishinda.

Ndiyo maana jibu la swali letu la Sabato iliyopita ni kipawa. Shughuli mpya ya uzeeni ingekuwa anasa kama mikono yetu ingekuwa mali yetu. Ingekuwa wajibu mzito kama thamani yetu ingetegemea mavuno. Kwa kuwa mikono ni ya Mungu na thamani yetu imekwisha kulipwa msalabani, mzee yuko huru. Yuko huru kuutua mzigo, kuishika zamu, kujaribu kitu asichokijua, kukosea mbele ya wajukuu na kucheka pamoja nao. Akichoka, yuko huru pia kulala.

Maswali ya Kujadili

1. Wazee wa darasa lenu wataje kila mmoja ujuzi mmoja alio nao na jambo moja ambalo angependa kujifunza. Vijana nao wafanye vivyo hivyo. Je, kuna wanaoweza kufundishana? Pangeni siku na mahali kabla hamjaachana.

2. Mtu mmoja anasema, "Baba yangu amefanya kazi ngumu maisha yake yote. Kumheshimu ni kumzuia asifanye chochote." Mwingine anasema, "Kumzuia ni kumzika mapema." Kila mmoja ana ukweli gani? Kabla ya kuamua, nani anapaswa kuulizwa?

3. Je, mzee mwenye fedha kidogo anazitumia vema akinunua rangi, daftari au miche badala ya kuwaachia watoto wake fedha hizo? Tumieni Marko 14:3–9 katika mjadala wenu, lakini msisahau 1 Timotheo 5:8.

4. Ni wazee gani wa kanisa lenu ambao hamjawaona kwa majuma manne? Nani atakwenda kuwatembelea, na atakwenda kuwaomba wamfundishe nini?